Bwana Afya wa Kwanza: Dakta Duncan na Watoto wa Liverpool

Tulipokuwa watoto, jina lililokuwa likitutia hofu zaidi mtaani kwetu halikuwa la jini wala la zimwi. Lilikuwa ni Bwana Afya. Akichomoza tu kwenye pembe ya kichochoro, na kofia yake kichwani na daftari lake kwapani, habari zake humtangulia nyumba kwa nyumba. Huyu atafuta kifuniko cha pipa, huyu amwaga mtungi ulioingia viluwiluwi, huyu ashika ufagio kufagia uwani, na yule afunga mlango wa nyuma akajifanya hayupo. Sisi watoto wa chuoni tulikuwa na yakini kuwa mtu yule ameajiriwa kwa kazi moja tu, nayo ni kuudhi watu.

Siku moja nilimsema vibaya mbele ya marehemu mama yangu, Mungu amrehemu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alinieleza kwa sauti ya chini jambo ambalo sikuwa nikilijua, kwamba mimi si kifungua mimba wake. Kabla yangu alikuwako mwana mwengine, wa kiume, aliyeishi mwaka mmoja na miezi michache, akashikwa na kuhara, na siku ya tatu akawa amekwisha. Wiki hiyo hiyo majirani wawili nao walizika. Kisima tulichokuwa tukichota kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye shimo la choo, na hakuna aliyeliona hilo kuwa ni jambo, mpaka Bwana Afya alipokuja akakifunga kwa kufuli. Mtaa mzima ulimlaani, kwa sababu sasa maji yalikuwa mbali. Mama naye alimlaani. Ilimchukua miaka kufahamu kwamba kilichostahili lawama ni kisima, si kufuli.

Maneno hayo yamekaa nami. Na kila niliposoma habari za miji mikubwa ya Uingereza katika zama za Malkia Victoria, nikaona jinsi watoto walivyokuwa wakizikwa huko kwa maelfu, nilijiuliza ni nani aliyekuwa wa kwanza kuishika kazi hii ya lawama. Ndipo nilipokutana na Dakta William Henry Duncan wa mji wa Liverpool. Leo, wasomaji wangu, nataka nikusimulieni maisha yake, kwa uzuri wake na kwa upungufu wake, kwani mwana wa Adamu hakosi vyote viwili.

MJI WA BANDARI

Liverpool si jina geni kwetu. Vijana walijua kwa mpira. Wazee na watu wa dini walijua kwa Sheikh Abdullah Quilliam, Mwingereza aliyesilimu, ambaye katika mwaka wa 1889 alifungua msikiti katika nyumba za Brougham Terrace mjini humo. Lakini kabla ya hayo yote, Liverpool ulikuwa mji wa bandari kama ilivyo miji yetu, mji wa makuli na mabaharia, wa mizigo ipandayo na ishukayo, wa wageni walalao leo na kuondoka kesho.

Duncan alizaliwa humo mwaka wa 1805, katika mtaa wa Seel Street. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Scotland. Wakati huo Liverpool ulikuwa ndio mji mkubwa wa Uingereza katika biashara ya watumwa, biashara ambayo bunge lao liliipiga marufuku mwaka wa 1807, mtoto huyu akiwa bado wa kufunzwa kutembea. Pamba, sukari na tumbaku, mazao ya jasho la hao hao watumwa, yaliendelea kuujaza mji fedha. Majumba ya matajiri yalisimama juu kilimani, yenye madirisha mapana na hewa safi. Chini, karibu na gati, waliishi wale waliokuwa wakiibeba mizigo.

Alipokuwa kijana alikwenda kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu mwaka wa 1829. Kisha akarudi kwao, akafungua kazi yake katika Rodney Street, mtaa wa madaktari na watu wenye uwezo. Angeweza kuishi hapo maisha yake yote akiwapima mapigo wake wa matajiri na kulipwa vizuri. Lakini alikuwa pia akifanya kazi katika zahanati za maskini, na kazi hiyo ilimshusha kilimani, ikamwingiza katika vichochoro ambavyo watu wa Rodney Street hawakuwahi kuvikanyaga.

Mwaka wa 1832 kipindupindu kiliingia Liverpool, na Duncan alikuwa miongoni mwa waliowatibu wagonjwa. Mwaka huo huo mwanamke mmoja maskini mzaliwa wa Ireland, Kitty Wilkinson, aliyekuwa na jiko la kuchemshia maji nyumbani kwake, aliwaita majirani zake waje wachemshe na kufua nguo na matandiko ya wagonjwa wao. Hakuwa amesoma udaktari. Lakini kutokana na ubongo wake na huruma yake, mji ulikuja kufungua mwaka wa 1842 nyumba ya umma ya kufulia nguo, katika Frederick Street. Namtaja bibi huyu kwa sababu kila palipoandikwa jina la mwanamume mkubwa, aghalabu pana mwanamke aliyetangulia na ndoo yake.

NYUA NA MASHIMO

Ili tufahamu alichokiona Duncan, yatupasa kuzijua nyumba za maskini wa mji ule. Zilikuwa za namna mbili.

Ya kwanza ni nyua. Mwenye kiwanja alijenga nyumba ndogo ndogo pande mbili za ua mwembamba, zikitazamana, mgongo wa kila nyumba ukiwa umeegemea mgongo wa nyumba nyingine, hata isiwepo nafasi ya dirisha la nyuma. Mara nyingi mwisho wa ua ulizibwa kwa ukuta, na mlango wake wa kuingilia ulikuwa kichochoro cha mtu mmoja. Upepo haukupata njia. Humo humo uani ndimo kilimokuwa choo cha watu wote na shimo la taka. Maji yaliuzwa na makampuni, yakafunguliwa kwa saa chache tu, na si kila siku.

Ya pili ni vyumba vya chini ya ardhi. Hivyo vilichimbwa kuwa stoo, lakini vikapangishwa watu. Vingi vilikuwa na sakafu ya udongo mtupu, bila dirisha, nuru ikiingia kwa mlango tu, na mvua inyeshapo maji huingia kwa mlango huo huo. Hesabu iliyofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1840 ilionyesha kwamba Liverpool ulikuwa na nyua karibu 2,000 zenye watu zaidi ya 55,000, na vyumba vya chini ya ardhi zaidi ya 6,000 vyenye watu kama 20,000. Mji mzima ulikuwa na watu kiasi cha 286,000.

Katika mambo aliyoyaandika Duncan wakati huo, liko moja ambalo kila nilikumbukapo hunifanya nitazame nyuma ya nyumba yangu mwenyewe. Katika Banastre Street palikuwa na ua ulioitwa Union Court, wenye nyumba 12. Duncan alishangaa kuona kwamba katika mwaka mmoja homa ilikuwa imewashika watu 63 katika nyumba hizo 12. Akaenda mwenyewe kutafuta sababu. Aliukuta ua mzima umefurika uchafu wa maji maji, uliokuwa ukivuja ukutani kutoka kwenye mashimo mawili ya jirani. Ua ulikuwa chini kuliko barabara, na haukuwa na mfereji, basi uchafu ule haukuwa na pa kwenda. Nyumba iliyokuwa karibu kabisa na mashimo ilikuwa tupu kwa karibu miaka mitatu, kwani uchafu ulikuwa ukichimbuka sakafuni. Waliobaki katika nyumba za pili hawakuweza kula chakula chao mpaka wafunge kwanza milango na madirisha.

Na kwa nini haukuchimbwa mfereji? Ua ule ulikuwa na wenye nyumba wawili. Mmoja alikuwa tayari kuuchimba, kwa sharti mwenzake achangie gharama. Mwenzake akakataa. Basi mambo yakabaki hivyo hivyo miaka miwili au mitatu, kodi ikiendelea kukusanywa na homa ikiendelea kupiga. Ndugu msomaji, ni mara ngapi tumeyaona hayo katika viwanja vyetu? Wawili wagombanao juu ya mfereji hawaumwi wao. Aumwaye ni mtoto wa mpangaji, atambaaye juu ya sakafu ile.

MTU WA HESABU

Duncan hakuwa mtu wa kelele. Silaha yake ilikuwa hesabu. Alikusanya idadi ya waliokufa mtaa kwa mtaa, akazilinganisha na idadi ya watu waishio hapo, akaonyesha kwamba mtaa kama Vauxhall, uliojaa nyua na mashimo, ulikuwa ukizika watu wengi mno kupita mtaa wake mwenyewe wa Rodney Street. Mji ni mmoja, mvua ni moja, baridi ni moja. Kilichotofautiana ni nyumba, maji na hewa.

Mwaka wa 1842 ilitoka taarifa kubwa ya Edwin Chadwick juu ya hali ya afya ya maskini katika Uingereza yote, na Duncan alikuwa miongoni mwa madaktari walioipa habari. Katika taarifa ile yalikuwamo makadirio ya Liverpool ya mwaka wa 1840. Umri wa wastani wa kufa kwa watu wa tabaka la juu ulikuwa miaka 35. Kwa wafanyabiashara na jamaa zao ulikuwa miaka 22. Kwa makuli, mafundi na watumishi ulikuwa miaka 15.

Mtu asidhani kwamba makuli wote walikuwa wakianguka wakiwa na miaka 15. Wastani huo uliteremshwa na watoto. Katika kila maiti 100 zilizotoka katika nyumba za watu wa kazi, 62 zilikuwa za watoto wasiofika miaka mitano. Siku zile nchini Uingereza jeneza dogo lilikuwa jambo la kawaida hata halikuwageuza watu vichwa barabarani.

Waliwaua nini watoto hao? Maadui walikuwa wengi, na majina yao tunayajua hata sisi. Kuhara, hasa miezi ya joto. Surua. Kifaduro. Ndui. Dondakoo. Homa ya vipele vyekundu iitwayo skalatina, iliyomkamata mtoto kooni na kumwasha mwili mzima, na iliyoweza kumaliza watoto wote wa nyumba moja katika muda wa siku chache. Na juu ya hayo homa ya chawa, iliyowachukua zaidi baba na mama, ikawaacha watoto mayatima.

Mwaka wa 1843 Duncan alisimama mbele ya jumuiya ya wasomi wa mji wake, akawasomea mhadhara juu ya sababu za wingi wa vifo Liverpool. Kisha akauchapisha uwe kitabu kidogo. Aliwathibitishia wakuu wa mji kwamba mji wao, waliokuwa wakijivunia meli zake na maghala yake, ulikuwa ndio wenye maradhi kuliko miji yote ya Uingereza. Wengi walichukia. Waliokuwa wakipokea kodi za nyua zile walichukia zaidi. Lakini nambari hazina uso wa kuonea haya. Zilisemwa, zikachapwa, na zikabaki pale.

MWAKA WA 1847

Matunda ya kazi hiyo yalikuwa sheria. Mwaka wa 1846 bunge liliupa mji wa Liverpool sheria yake ya usafi, iliyouruhusu kuajiri daktari wa kusimamia afya ya mji mzima. Tarehe 1 Januari 1847 Duncan aliingia kazini, akawa daktari wa kwanza wa afya ya mji katika Uingereza yote. Mwanzo alilipwa pauni 300 kwa mwaka, akaruhusiwa kuendelea na wagonjwa wake wa binafsi. Mwaka uliofuata ikaonekana kazi haifanyiki kwa nusu ya mtu, akapewa pauni 750 na kuambiwa aishike hiyo peke yake. Pamoja naye walikuwako wawili wengine: mhandisi James Newlands, wa kuchora na kuchimba mitaro, na Thomas Fresh, mkaguzi wa uchafu, ambaye hasa ndiye aliyefanana na Bwana Afya wetu wa kofia na daftari. Daktari, mhandisi na mkaguzi. Ukimkosa mmoja wao, wawili waliobaki ni bure.

Hakupewa hata muda wa kuvuta pumzi. Huko Ireland viazi, ambavyo ndivyo chakula cha maskini, vilikuwa vimeoza mashambani tangu mwaka wa 1845, na watu walikuwa wakifa njaa. Katika mwaka huo wa 1847 peke yake watu karibu 300,000 walivuka bahari kutoka Ireland hadi Liverpool, yaani idadi iliyokaribia kulingana na wenyeji wenyewe. Wengi walipita kwenda Marekani. Wale wasiokuwa na nauli walibaki, wakaingia katika nyua zile zile na mashimo yale yale yaliyokwisha kujaa. Wakaja na homa ya chawa.

Kwa makisio ya Duncan, watu kama 60,000 walishikwa na homa mwaka ule, na 40,000 wengine wakashikwa na kuhara na kuhara damu. Maghala yaligeuzwa hospitali. Meli kuukuu zilitiwa nanga katika mto Mersey ili wagonjwa walazwe humo, mbali na wazima. Makasisi kumi wa Kikatoliki walikufa kwa homa waliyoipata katika kuwatembelea wagonjwa, na madaktari kadhaa vile vile. Katika mtaa mmoja, Lace Street, karibu thuluthi ya wakazi walikufa. Miaka miwili baadaye, 1849, kikaja kipindupindu tena, kikaua zaidi ya watu 5,000 mjini.

Hapa nataka niseme yasiyompendeza mtu anayetaka kumsifu Duncan tu. Katika maandishi yake aliwanyoshea Wairishi kidole, akawaona kama kwamba wameridhika na uchafu na ndio waletao maradhi. Alisahau alivyoonyesha mwenyewe kuwa maradhi yalikuwako katika nyua zile kabla ya meli za njaa kufika. Tena kwa nguvu za sheria aliwatoa maelfu ya watu katika vyumba vya chini ya ardhi, vikafungwa. Lakini mji haukuwajengea pengine pa kukaa. Basi waliotolewa katika shimo moja walikwenda kujazana katika ua wa pili, familia tatu katika chumba cha moja. Kufuli peke yake si dawa. Ukikifunga kisima, yakupasa uonyeshe maji yako wapi.

ALIPOKOSEA NA ALIPOPATA

Liko jambo jingine la ajabu katika maisha ya bwana huyu. Chanzo cha maradhi hakukijua. Yeye, kama madaktari wengi wa zama zake, aliamini kwamba homa hutokana na hewa iliyoharibika, hewa iliyokwisha kupumuliwa na watu wengi na kuchanganyika na mvuke wa uozo. Elimu ya vijidudu ilikuwa bado. Pasteur na Koch walikuja kuithibitisha baadaye, na Koch alikitambulisha kijidudu cha kipindupindu mwaka wa 1884. Na kuhusu homa ya chawa, ilikuwa mpaka mwaka wa 1909, katika mji wa Tunis, ambapo daktari Mfaransa Charles Nicolle alitambua kwamba mgonjwa akishaoshwa na kuvuliwa nguo zake mlangoni mwa hospitali, hamwambukizi mtu tena. Chawa ndiye mchukuzi. Ndipo ikafahamika ni kwa nini jiko la Bibi Kitty Wilkinson lilikuwa na baraka.

Basi Duncan alikosea sababu, lakini alipata njia. Kwa kuondoa kinyesi, kuchimba mitaro na kuleta maji, alikuwa akikata mizizi ya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo bila kuijua mizizi yenyewe. Mji uliyanunua makampuni ya maji, ukaanza kuchimba mabwawa mbali huko Rivington, na mwaka wa 1857 maji hayo yakafika Liverpool. Newlands naye aliendelea kuchimba mitaro yake chini ya barabara mwaka baada ya mwaka, mpaka miji mingine ikaja kujifunza kwake.

Lakini si kila adui wa mtoto aogopaye mtaro. Surua, kifaduro na skalatina haziji kwa maji ya choo. Hutoka kwa mtoto hadi mtoto, kwa pumzi, kwa kikohozi, kwa kulala kitanda kimoja, kwa kukaa bega kwa bega darasani. Mtaa uliofagiwa vizuri hauzizuii, maadamu watoto sita walala chumba kimoja. Mwaka ule ule wa 1863 aliokufa Duncan, skalatina iliua watu zaidi ya 30,000 katika England na Wales, na wengi wao kabisa walikuwa watoto. Baadaye miji ilijenga hospitali za kuwatenga wenye maradhi ya kuambukiza, na sheria ya mwaka wa 1889 ikaweka utaratibu wa madaktari kutoa taarifa kila waonapo ugonjwa wa namna hiyo. Ama surua, iliendelea kuua huko mpaka karne iliyofuata, na chanjo yake haikupatikana hadi miaka ya 1960.

Katika maradhi yote ya watoto, ni ndui peke yake iliyokuwa na kinga katika zama zile, kwa ajili ya chanjo aliyoianzisha Edward Jenner mwaka wa 1796. Mwaka wa 1853 sheria iliwalazimisha wazazi wa England kuwachanja watoto wao wachanga. Na hapa tusisahau haki yetu. Kabla ya Jenner, katika mwaka wa 1717, Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliwaona vikongwe wa nchi ya Waturuki wakiwapiga watoto chanjo kwa usaha wa ndui hafifu, naye ndiye aliyeupeleka mtindo huo London. Elimu ya kumkinga mtoto ilipita katika ardhi za Waislamu kabla ya kufika kwao.

MWISHO WAKE

Kazi ilimchosha Duncan. Alishikilia cheo chake miaka 16, akipigana na wenye nyumba kwa upande mmoja na ubahili wa madiwani kwa upande wa pili. Afya yake ikavunjika, na tarehe 23 Mei 1863 akafariki huko Elgin, Scotland, akiwa na umri wa miaka 58. Hakuuona mji wake ukiwa mzima. Miaka mitatu baada ya kufa kwake kipindupindu kilirudi tena. Vifo vya watoto wachanga katika Uingereza vilibaki vingi mpaka mwisho wa karne.

Lakini mlango alioufungua haukufungwa tena. Aliyemfuata, Dakta Trench, alipata sheria ya mwaka wa 1864 iliyouruhusu mji kubomoa nyua mbovu. Na mwaka wa 1869 Liverpool ukafanya lile ambalo Duncan hakulifanya: ulijenga nyumba za kupangisha watu wa kazi, St Martin's Cottages, za kwanza kujengwa na baraza la mji katika England. Hapo ndipo kufuli ilipopata mwenzake. Mji ukaanza kujifunza kuwa kumtoa mtu shimoni ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kumpa pa kukaa. Hata huyo Sheikh Quilliam niliyemtaja mwanzo, jumuiya yake ilifungua nyumba ya kulelea watoto wachanga waliotupwa, kwani hao ndio waliokuwa wa kwanza kufa katika mji ule.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu wako wenzetu ambao mtoto akifa kwa kuhara husema ni ajali yake imefika, na mazungumzo yakakoma hapo. Ajali ni haki, na hakuna Mwislamu akataaye kadari. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu, na aliwakataza watu kuingia mji wenye tauni na waliomo kuukimbia. Alituhesabia usafi kuwa ni nusu ya imani, na akaonya juu ya mtu kujisaidia katika maji wanayotumia watu. Mafundisho hayo tulikuwa nayo karne nyingi kabla ya Duncan kuzaliwa. Tuliyahifadhi chuoni kwa fimbo. Kisha tukachimba choo kando ya kisima.

Kipindupindu hakijawa hadithi ya Wazungu wa zamani. Kimeipiga pwani yetu mara nyingi katika umri wangu mimi, na kila kijapo huanzia pale pale, penye maji mabaya na mfereji ulioziba ambao wenye nyumba wawili wangali wakibishana ni nani aulipie. Surua nayo hungoja tu mama achoke kwenda kliniki.

Kisima cha mtaani kwetu kilikuja kufukiwa. Juu yake pamejengwa duka, na vijana wanunuao soda hapo hawajui wamekanyaga nini. Mama alipokuwa hai, kila tulipopita mahali hapo alikuwa akipunguza mwendo kidogo, kisha akaendelea na njia yake. Miaka yake ya mwisho, Bwana Afya alipobisha hodi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfungulia mlango na kumkaribisha kahawa.